Tangazo la Usalama Lisikike Garini

Ndugu dereva upitaye Mukuju katika barabara ya Tororo–Mbale, tangazo la usalama likisikika nusu, abiria hulijaza kwa uvumi. Mawimbi ya FM husafiri takriban kwa mstari ulionyooka. Mwamba wa Tororo waweza kuyakinga, na bodi ya chuma ya gari vilevile. Hivyo antena sharti iwe nje, isimame wima, yenye urefu wa sentimita 75 hivi, yaani robo ya wimbi la megahezi 100. Sugua kutu inaposhikana na bodi, kisha ukaze waya. Redio ikikwaruza, chomoa chaja ya simu. Ukiwa umeegesha, sogeza gari hatua chache, kisha sikiliza tena.