Najisi, Mkosi au Laana? Tamthilia za Kiyunani na Wasomaji wa Mbeya na Iringa

Tafsiri ya Samuel S. Mushi, Mfalme Edipode, iliyotolewa mwaka 1971, iliwapa wasomaji wa Kiswahili tamthilia mashuhuri ya Sophocles. Mji wa Thebes umepatwa na tauni: mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanazaa watoto wafu. Jibu kutoka Delphi ni kwamba nchi imechafuliwa kwa damu ya mfalme aliyeuawa, na mwuaji yumo humo humo mjini.

Wayunani waliuita uchafu huo miasma, na hapo mfasiri yeyote hukwama. "Najisi" ni neno la sheria ya Kiislamu, nayo huoshwa kwa maji. "Mkosi" humpata mtu pasipo damu wala hatia. "Laana" imo katika tamthilia, ila Edipode mwenyewe ndiye aitoaye, na wakati huo tauni imekwisha kuanza. Miasma haiulizi nia: Edipode hakujua kwamba aliyemwua ni baba yake, lakini nchi yaugua vilevile.

Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, mkoani Mbeya, jambo hili si geni. Kwa mujibu wa habari walizokusanya Godfrey na Monica Wilson katika miaka ya 1930, mvua na rutuba ya nchi zilitegemea afya ya Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga. Akiugua sana, wazee walimwua kabla nchi haijadhoofika pamoja naye. Ulinganisho huu una mpaka wake, kwani Lwembe hakuwa na kosa la damu. Hata hivyo msomaji wa huko hahitaji tanbihi ya kumweleza kwa nini watu wa Thebes wanamwendea mfalme, wala si tabibu.

Iringa, kwa upande wake, iko karibu zaidi na Antigone, tamthilia ambamo Creon anakataza maiti ya Polynices isizikwe. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua tarehe 19 Julai 1898. Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru kirudishwe, lakini fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilifika Kalenga mwaka 1954. Nalo halikufukiwa: limewekwa katika nyumba ya makumbusho. Mfasiri wa Antigone atakayeandika "maziko" tu, yamkini ataulizwa Kalenga kama neno hilo lamaanisha udongo, au kurudishwa kwa wenyewe.