Kwa Nini Maharagwe Mekundu Yachemshwe Sana

Kila mama wa nyumbani anajua kuwa maharagwe yasiyoiva huumiza tumbo. Wengi hudhani sababu ni ugumu wa punje tu. Sivyo. Ndani ya punje mna kitu kiwezacho kumtapisha mtu, na maharagwe mekundu ndiyo yenye kitu hicho kwa wingi.

Kitu hicho ni protini ya namna iitwayo lektini. Kazi yake ni kushika sukari. Si sukari ya chai, bali minyororo midogo sana ya sukari iliyo juu ya chembe za mwili, yenye matawi kama mti. Minyororo hiyo ni kama alama za ng'ombe, ambazo kwazo mchungaji humjua wake. Lektini ina vishimo vyenye umbo maalum: mnyororo uingiao sawasawa hushikwa, usioingia huachwa.

Lektini ya maharagwe ina sehemu nne zilizoungana, kwa hiyo huweza kushika chembe kadhaa na kuzifunga pamoja. Jambo la namna hii lilionekana mwaka 1888 huko Dorpat, ambao siku hizi ni mji wa Tartu, Estonia. Hermann Stillmark alitia maji ya mbegu za mbarika katika damu, na chembe nyekundu zikashikamana mafungu mafungu.

Mtu akila maharagwe yasiyoiva, lektini hushika ukuta wa matumbo. Baada ya saa 1 hadi 3 huanza kichefuchefu, kutapika na kuhara. Punje 4 au 5 mbichi zaweza kutosha. Nguruwe na kuku pia hawakui vizuri wakilishwa maharagwe yasiyopikwa.

Dawa yake ni moto. Joto kali huharibu umbo la lektini, kama ute wa yai ugandavyo usirudi tena, na vishimo havishiki kitu. Lakini moto mdogo ni hatari: maharagwe yaliyofika digrii 80 tu yaweza kudhuru kuliko mabichi. Basi fanya hivi:

1. Loweka maharagwe kwa saa 5 au zaidi, kisha mwaga maji hayo.

2. Tia maji mapya, uyachemshe kwa moto mkali dakika 30.

3. Ndipo upunguze moto, uyaache mpaka yaive kabisa.

Katika nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kwa hiyo ongeza muda. Na anayetumia kapu la kuhifadhi joto ili kuokoa kuni, achemshe kwanza kama tulivyoeleza, ndipo afunike.