Baiskeli Ilitangulia Hesabu Zake

Ukiisukuma baiskeli isiyo na mtu kwenye uwanja tambarare, kisha ukaiachia ikiwa na mwendo wa kutosha, haianguki. Inayumba, usukani unajigeuza wenyewe upande inakoelemea, inajinyoosha na kuendelea hivyo mpaka mwendo uiishie, ndipo ilale chini. Jibu la haraka ambalo wengi hupewa ni kwamba magurudumu yanayozunguka hukataa kulala, kama pia ya mtoto inavyosimama ikizunguka. Jibu hilo linaridhisha masikio, ila halitoshi, na ushahidi kwamba halitoshi umekuwepo tangu mwaka 1970. Makala haya yanadai jambo pana zaidi: umbo la baiskeli lilikamilishwa na mafundi miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuweza kueleza kwa nini linafaa, na ucheleweshaji huo ulitokana na ugumu wa swali lenyewe.

Tarehe ndizo zinazoibeba hoja hii. Tarehe 12 Juni 1817 Karl Drais, ofisa wa misitu wa dola dogo la Baden huko Ujerumani, alitoka Mannheim akiwa amekalia chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yanayofuatana, akijisukuma kwa miguu ardhini. Alikwenda na kurudi, kilomita 13 hivi, kwa muda wa kama saa moja. Pedali zilikuja Paris katika miaka ya 1860, zikiwa zimefungwa kwenye gurudumu la mbele. Pierre Lallement alipata hataza yake Marekani mwaka 1866, na ubishi wa nani alitangulia kati yake na akina Michaux, mafundi wa hukohuko Paris, haujaisha hadi leo. Kwa mpangilio huo mzunguko mmoja wa pedali ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, hivyo aliyetaka kasi alilazimika kulikuza gurudumu. Miaka ya 1870 ikazaa kioja chenye gurudumu la mbele la kipenyo cha karibu mita moja na nusu, kilichomrusha mpandaji kichwa mbele kila kilipokutana na jiwe. Mnyororo ndio uliokomesha balaa hilo, kwa sababu uliruhusu mzunguko mmoja wa pedali uzungushe gurudumu dogo mara kadhaa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, na miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akatia hewa kwenye tairi. Mtu wa leo akikabidhiwa baiskeli ya mwaka 1895 ataipanda na kuondoka bila kuuliza chochote.

Kuna kipengele kimoja cha Rover ambacho wanahistoria hukipita upesi. Katika umbo lake la kwanza, usukani uliunganishwa na uma wa mbele kwa fito za chuma. Mpangilio huo haukudumu. Toleo lililofuata liliuweka usukani moja kwa moja juu ya uma, na uma wenyewe ukainamishwa. Ukiuendeleza mstari wa shingo ya usukani mpaka chini, unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Gurudumu la mbele basi linaburutwa nyuma ya mstari wa kugeukia kwake, na kitu kinachoburutwa hupenda kufuata kinakovutwa. Hakuna hesabu iliyomwongoza Starley kufika hapo. Alikuwa na karakana, washindani wa jirani waliotengeneza maumbo ya kila namna, na wanunuzi waliokataa kulipia baiskeli isiyoshikika.

Wanahesabu hawakuwa wamelala. Mwaka 1869 William Rankine, profesa wa Glasgow, alikwisha kueleza kwamba mpandaji hubaki wima kwa kuugeuza usukani upande anakoangukia, ili magurudumu yarudi chini ya uzito wake. Alikuwa sahihi, lakini maelezo yake yalimhusu mpandaji. Hayakugusa kwa nini baiskeli tupu hufanya hivyohivyo. Milinganyo kamili ya mwendo wa baiskeli iliandikwa mwaka 1899 na Francis Whipple, aliyekuwa mwanafunzi Cambridge, wakati Rover ina miaka 14 barabarani. Wapandaji wenyewe hawakuwa msaada. Wilbur Wright, ambaye pamoja na mdogo wake Orville alikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton kabla ya kurusha ndege, aliwauliza wapandaji wengi wanakataje kona kwenda kushoto, na hakupata hata mmoja aliyejibu sawasawa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba ili ukate kushoto, kwanza unaugeuza usukani kulia kidogo, baiskeli ielemee kushoto, ndipo uifuate. Miguu na mikono hulijua jambo hilo, ulimi haulijui.

Jibu la pia liliporomoka mikononi mwa David Jones, mkemia wa Uingereza, na pengine ukemia wake ndio uliomwondolea haya ya kutengeneza baiskeli mbovu kwa makusudi. Alifunga gurudumu la pili kando ya lile la mbele, lisiloguswa na ardhi, akalizungusha kinyume ili lifute athari ya mzunguko. Kama pia ndiyo siri, baiskeli ile isingepandika. Aliipanda bila shida. Kisha akasogeza gurudumu la mbele mpaka likagusa ardhi mbele ya mstari wa usukani, na hapo ndipo alipopata chombo kigumu kukitawala. Alipochapisha matokeo mwaka 1970, wengi walihitimisha kwamba siri ni ule mburuto wa gurudumu la mbele.

Nao walikosea. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli ndogo ya majaribio yenye magurudumu ya ziada yanayozunguka kinyume, na ambayo gurudumu lake la mbele liligusa ardhi milimita chache mbele ya mstari wa usukani. Hakukuwa na pia wala mburuto, na bado ilijinyoosha yenyewe iliposukumwa. Safari hii kilichoisimamisha ni namna uzito ulivyogawanywa: sehemu ya mbele, iliyo fupi, iliwahi kuanguka kuliko ya nyuma, na kwa kuwa zimeungana, tofauti hiyo iliugeuza usukani upande unaotakiwa. Hapo ndipo ugumu wa swali unapoonekana. Njia za kuifanya baiskeli iufuate mwanguko wake ni nyingi, zinachangamana, na hakuna hata moja iliyo ya lazima peke yake. Milinganyo iliyosahihishwa na kuthibitishwa mwaka 2007 ina vipimo 25 kwa baiskeli moja. Anayetafuta sababu moja ataendelea kuipata, na kila mara itakuwa nusu.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mafundi walibahatisha tu, na kubahatisha si maarifa. Lakini bahati haichagui upya kila mwaka. Kati ya Drais na Starley kuna karibu miaka 70 ya maumbo yaliyojaribiwa na kutupwa, na kila lililotupwa lilifundisha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bila sayansi kusingekuwa na mpira uliopikwa kwa salfa, chuma chepesi wala gololi za kulainisha mzunguko. Ni kweli kwamba bila vifaa hivyo baiskeli ya 1890 isingekuwepo, ingawa hata mpira wa salfa ulipatikana kwa majaribio ya Charles Goodyear, ambaye hakuwa na nadharia ya kemia ya kumwongoza. Isitoshe, kusimama kwa baiskeli hakukuhitaji vifaa hivyo. Milimani Kivu, mashariki mwa Kongo, chukudu, chombo cha mizigo cha magurudumu mawili, hutengenezwa kwa mbao na vipande vya matairi makuukuu, bila pedali wala mnyororo, kisha hushuka mteremko kuelekea Goma ikiwa na mamia ya kilo za makaa au viazi, mwendeshaji ameweka goti moja ubaoni. Mafundi wake huipima kwa jicho na mteremko.

Milinganyo haijawa bure kwa sababu hiyo. Inaonyesha maumbo ambayo fundi asingethubutu kuyajaribu, kama ile baiskeli ya 2011. Inaonyesha pia mipaka: baiskeli ya mfano iliyotumika katika hesabu za 2007 hujisimamia yenyewe kati ya kilomita 15 na 22 hivi kwa saa. Chini ya hapo huanguka, na hapo chini ndipo mtoto hujifunzia na mchuuzi hupita na kreti zake sokoni. Kinachowashikilia wao ni ubongo na mikono, navyo havimo katika vile vipimo 25. Kwa hiyo anayebuni baiskeli mpya ya mizigo, hata akiwa na kompyuta ya kutatua milinganyo ya Whipple kwa sekunde moja, bado hutafuta mtu wa kuipanda kabla hajaagiza chuma cha kutengeneza ya pili.