Neno "Buji" na Utunzaji wa Injini Ndogo: Mfano kutoka Ruashi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuchagua na kutunza buji ya injini ndogo inayotumia methanoli, yaani injini ya vile vigari vya mchezo vinavyoongozwa kwa redio. Huenda msomaji akashangaa kukuta mada ya gereji katika kurasa za taaluma ya Kiswahili. Sababu ni kwamba, katika tukio tulilolishuhudia Ruashi, kilichounguza buji hakikuwa upungufu wa ufundi. Lilikuwa neno.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, buji ni neno lenye kazi nyingi. Limetokana na Kifaransa bougie, ambalo nalo limetokana na jina la Béjaïa, bandari ya Algeria iliyokuwa ikiiuzia Ulaya nta katika Zama za Kati. Neno lilitoka Afrika, likazunguka Ulaya, likaturudia likiwa geni. Umeme ukikatika, buji ni mshumaa. Kwa fundi wa pikipiki, buji ni kifaa kinachotoa cheche ndani ya injini ya petroli. Kwa fundi wa malori, ipo pia buji ya mazuti, inayopasha moto chumba cha mwako wa dizeli wakati wa kuwasha. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wasitucheke: plagi yao nayo ni ya injini na ni ya ukutani.

Mtoto wa kaka yangu aliletewa kigari cha aina hiyo kutoka Afrika Kusini. Tulikipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, mtu hodari ambaye malori ya madini yamemlea. Aliifungua buji, akaona haina pengo la cheche, ila kijiwaya kilichojiviringa. "Hii ni ya mazuti," alisema, "inaomba bateri." Hakukosea sana, kwa kuwa zote mbili huwasha kwa joto, si kwa cheche. Lakini buji ya lori huunganishwa na bateri ya volti 12, na hii ndogo huhitaji volti moja na nusu tu. Kijiwaya kilimeta mara moja, kikakatika. Kijana alibaki ameshika kiongozea chake, asiseme neno. Sokoni, kila muuzaji tuliyemwomba buji ndogo alitutolea ya pikipiki, yenye hesi ya milimita 10 au zaidi, ilhali tundu letu lilikuwa la robo inchi.

Hapana budi tueleze jinsi buji hii inavyofanya kazi, maana uchaguzi wake unategemea hilo. Kijiwaya chake kina platini. Mvuke wa methanoli unapogusa platini, hutokea mmenyuko unaotoa joto. Joto hilo, pamoja na lile la mgandamizo wa pistoni, hukiacha kijiwaya kikiwa chekundu hata baada ya betri kuondolewa. Buji ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1947, kazi ya Ray Arden, na iliwaondolea warusha ndege za mfano mzigo wa koili na betri. Ndiyo maana petroli haifai kabisa humo: haiamshi platini kama methanoli, na isipochanganywa na mafuta hailainishi pistoni.

Buji hizi hugawanywa kuwa "za moto" na "za baridi". Ya moto, ambayo aghalabu ina waya mwembamba, hufaa injini ndogo na mafuta yenye nitromethani kidogo. Ya baridi hufaa injini kubwa, nitromethani nyingi na hali ya hewa ya joto. Zipo pia zenye kitako cha mchongoko zisizotumia washa, nazo hukubali tu kichwa cha silinda kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Lubumbashi ina masharti yake. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini iliyorekebishwa pwani hupata huku mafuta mengi kuliko hewa. Hivyo sindano ya kabureta hukazwa kidogo kidogo, huku moshi mwembamba ukiendelea kuonekana. Moshi ukitoweka, mafuta yamepungua mno na pistoni i hatarini. Waya uliolowa huashiria mafuta mengi. Uliofifia na kupinda huashiria joto la kupita kiasi. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la Ruashi ni adui kuliko yote. Kichujio cha sifongo kioshwe na kupakwa mafuta mara kwa mara, la sivyo vumbi litaisaga silinda. Jioni, mafuta yaliyobaki yachomwe hadi injini izime yenyewe, kisha yatiwe matone machache ya mafuta ya kulainisha, kwa kuwa methanoli hufyonza unyevu na beringi hushika kutu.

Neno jingine la kuogopwa zaidi ni alkoli. Methanoli huitwa hivyo, na lutuku huitwa hivyo pia. Lakini methanoli hupofusha na huua, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Chupa yake isikae karibu na vinywaji, na isiandikwe "alkoli" peke yake.

Kuhusu buji, tulikuwa tumependekeza istilahi tatu: buji ya cheche, buji ya mazuti na buji ya platini. Buji mpya ilipofika, baada ya wiki saba, tulimweleza fundi kuwa inawashwa kwa betri moja ya tochi. Aliigeuza mkononi, akaiita "buji ya tochi". Istilahi yetu ni sahihi zaidi kikemia. Ya kwake, hata hivyo, inamwambia mtu volti ngapi atumie, na vijana wa mtaa tayari wanaitumia.