Rupia ya Mjerumani

Ukiulizia rupia ya Mjerumani Sumbawanga mjini, watu hushusha sauti. Huyu atakwambia ina mekyuri, yule kwamba yuko Mzungu anayenunua kwa mamilioni. Ukiteremka hadi Kasanga, ziwani, ambako Wajerumani walijenga boma wakaliita Bismarckburg, utaoneshwa na mahali pa kuchimba. Mara nyingi kinachotolewa kwenye kitambaa si rupia hata kidogo. Ni heller ya shaba, ile iliyotuachia neno hela.

Heller ilianza mwaka 1904, 100 kwa rupia moja, ikachukua nafasi ya sarafu iliyoitwa pesa, zilizokuwa 64 kwa rupia. Zilifyatuliwa kwa makumi ya milioni huko Berlin na Hamburg. Iliyosagika kwa wakusanyaji hupata bei ya sahani ya ugali na migebuka, basi. Umri wake wa zaidi ya karne hauongezi kitu, maana zimebaki tele.

Wamarekani waliyaona hayohayo kwenye kadi za wachezaji wa besiboli, zilizouzwa pamoja na peremende za kutafuna. Watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli, na maboksi ya kadi za Topps za mwaka 1952 yaliyokosa wanunuzi yalitupwa baharini. Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle ya toleo hilo, safi kama imetoka kiwandani jana, iliuzwa dola milioni 12.6. Kadi za miaka ya 1980 mwishoni kila mtu alizitunza akingoja utajiri. Leo hazina bei.

Sasa tazama Tabora, 1916, wakati wa vita. Meli za Waingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, karakana ya reli inageuzwa kiwanda cha fedha. Humo zilitoka sarafu za heller 20, zaidi ya milioni moja, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, 16,198 tu. Ya tembo ni maelfu ya dola. Mwenzake wa shaba, wa karakana ileile na mwaka uleule, ni vijisenti.

Halafu kuna wanaosugua. Jivu na ndimu huing'arisha sarafu, na huondoa ile rangi ya kahawia iliyojijenga kwa miaka, ambayo ndiyo mkusanyaji anailipia. Iliyotobolewa ikavaliwa shingoni nayo imeshaharibika.

Dalali wa mekyuri atakuuliza kama inavuta sindano. Mkusanyaji ataomba kioo cha kukuzia, atafute herufi ndogo: A ya Berlin, J ya Hamburg, au T.