Je, Wajua? Kompyuta Inayogoma Kuwaka Baada ya Matengenezo

Je, wajua kwamba kompyuta iliyogoma kuwaka mara tu baada ya kufunguliwa mara nyingi haijafa? Mashine ngapi zimeuzwa kama vipuri kwa sababu mtu alitamka haraka kwamba ubao mama umeungua, kumbe kuna waya haukuchomekwa! Kabla ya kuuliza kilichoungua, uliza kilichoguswa mwisho. Anzia hapo.

Je, wajua kwamba nembo ya mtengenezaji ikionekana kwenye skrini, nusu ya kazi ya uchunguzi imekwisha? Umeme upo, prosesa inafanya kazi, RAM imesomwa, skrini ni nzima. Tafuta tatizo kwenye diski, kwenye mipangilio au kwenye Windows yenyewe. Anayekimbilia kubadilisha ubao mama hapo anakupotezea fedha.

Kabla ya Windows kuanza, kompyuta hujikagua yenyewe. IBM PC, iliyotoka Agosti 1981, ilitoa mlio mmoja mfupi kuashiria kwamba ukaguzi umekwenda salama. Mashine nyingi za sasa hazipigi mlio, zinasema kwa taa. Kwenye laptopu nyingi za Dell, taa ikimweka mara mbili kwa rangi ya machungwa kisha mara tatu kwa nyeupe, maana yake RAM haijaonekana. Mbili na moja, tatizo liko kwenye prosesa. Baadhi ya laptopu za HP humwekesha taa ya Caps Lock. Hesabu mimweko hiyo na uiandike kabla hujashika bisibisi.

Je, wajua kwamba feni zinazozunguka si ushahidi kwamba umeme umefika kila mahali? Kompyuta ya mezani ina plagi kubwa ya pini 24, na nyingine ndogo ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa peke yake, mara nyingi ikiwa imejificha kwenye kona ya juu ya ubao mama. Plagi hiyo ndogo ikisahaulika, feni zitazunguka, taa zitawaka, na skrini itabaki nyeusi. Ni kosa la kawaida mno, na dawa yake ni kuisukuma plagi hadi ibane.

RAM ndiyo mshukiwa wa kwanza. DDR4 na DDR5 za kompyuta za mezani zote zina pini 288, lakini pengo lao halikai mahali pamoja, na umeme wake pia hutofautiana: DDR3 hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Isipoingia, usiilazimishe. Ikiingia, isukume hadi kishikizo kifunge chenyewe. Ikiwa kuna mbili, toa moja, jaribu na iliyobaki, kisha badilisha nafasi.

Na hapa wengi hukosea kwa haraka tu: mashine yenye DDR5, ikiwashwa mara ya kwanza baada ya kubadilishiwa RAM, inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa huku ikiipima na kuizoea. Ukiizima katikati, inaanza upya. Iache.

Je, wajua kwamba prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina uwezo wa kutoa picha? Chomeka skrini kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao mama.

Skrini ya laptopu imebadilishwa na sasa ni nyeusi? Zima taa za chumba, mulika skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, kompyuta inafanya kazi na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya skrini. Mara nyingi fyuzi yake huungua waya wa skrini ukichomekwa au kuchomolewa wakati betri bado imeunganishwa. Ndiyo maana betri huchomolewa kwanza, sikuzote.

Skrubu za laptopu hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, inaweza kutoboa ubao. Kwenye kompyuta ya mezani, kinguzo cha shaba kilichozidi chini ya ubao mama kinatosha kuleta shoti.

Je, wajua kwamba diski mpya inaweza kuificha ya zamani? Kwenye bodi (mbao mama) nyingi, diski ya NVMe ikiingizwa kwenye nafasi ya M.2, baadhi ya matundu ya SATA huzimwa kwa sababu yanatumia njia moja. Diski ya zamani ni nzima kabisa. Ihamishie tundu jingine, itaonekana.

Betri ya mviringo ya CR2032, yenye volti 3, ikitolewa hufuta mipangilio. Saa kurudi nyuma ni jambo dogo. Kubwa ni pale diski iliyokuwa ikisomwa kwa mpangilio wa RAID inapohamishiwa mpangilio wa AHCI: Windows itaonyesha skrini ya bluu na kudai haioni diski ya kuanzia. Rudisha mpangilio wa awali kabla ya kukubali kufuta chochote.

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Mwaka 2018 kampuni ya AMD iliwaazima wateja prosesa za muda, kwa kuwa bodi zilizokuwa madukani hazikuzitambua prosesa mpya hadi programu ya bodi isasishwe. Bodi nzima, prosesa nzima, na bado hakuna kinachowaka!

Je, wajua kwamba kubadilisha ubao mama kunaweza kukufungia nje ya mafaili yako? Diski iliyolindwa kwa BitLocker huona chipu ya usalama imebadilika, nayo hudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Usipokuwapo huko wala popote pengine, hata Microsoft hawawezi kuutengeneza upya. Unakili kwenye karatasi kabla mashine haijaenda kwa fundi, na karatasi hiyo ibaki nyumbani.