Msumeno wa Mnyororo Unapokataa Kuwaka Ukiwa na Moto

Mkulima, huenda jambo hili limekwisha kukupata. Asubuhi umeuvuta msumeno wa mnyororo mara tatu, ukawaka. Umekata mti wa kwanza na wa pili, mpaka petroli ikakwisha. Ukajaza tangi, ukanywa chai. Uliporudi kuuvuta, haukuwaka. Umevuta mara kumi, mara ishirini, mpaka bega likauma, nao umenyamaza kimya. Jioni ulipopoa, ukavutwa mara mbili tu na kuwaka, kama kwamba hapakuwa na neno.

Watu wengi wakiona hivyo husema mashine imekufa. Mmoja huenda mjini kununua kabureta mpya, mwingine huuza msumeno wake kwa hasara. Mara nyingi hapakuwa na haja ya kufanya hivyo. Msumeno unaowaka ukiwa baridi na kukataa ukiwa na moto una ugonjwa unaojulikana, na mtu mwenye subira aweza kuutambua mwenyewe.

Wala si hasara ya fedha tu. Katika skimu nyingi za makazi, mashamba yana safu za bulugamu na saipresi zilizopandwa kuzuia upepo, na sasa miti hiyo ni mirefu na mizito. Msumeno ukizimika katikati ya mti wa namna hiyo na usiwake tena, umeachiwa mti uliokatwa nusu. Upepo kidogo waweza kuuangusha upande usioutaka, juu ya nyumba, ng'ombe, au mtoto anayepita. Basi jambo hili lafaa kuelewa vizuri.

INJINI YATAKA NINI

Injini ya msumeno yataka vitu vinne: petroli, hewa, cheche ya plagi, na mgandamizo ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, haiwaki. Kazi yako ni kujua ni kipi kinachokosekana wakati mashine ina moto.

Shahidi wako ni plagi. Msumeno ukikataa, acha kuvuta kamba. Zima swichi, funga breki ya mnyororo, kisha fungua plagi. Tumia kitambaa, maana inachoma. Itazame: je, imelowa petroli au ni kavu?

PLAGI IKIWA IMELOWA

Hapo petroli imezidi ndani ya silinda, na mara nyingi aliyeizidisha ni mwenye msumeno mwenyewe. Choki imewekwa kwa ajili ya injini baridi. Kazi yake ni kupunguza hewa ili petroli iwe nyingi. Ukiivuta wakati injini ina moto, unaizamisha injini katika petroli, na kila ukivuta kamba unazidi kuizamisha.

Kuiponya si kazi ngumu. Futa plagi mpaka ikauke. Swichi ikiwa imezimwa, geuza tundu la plagi mbali na uso wako, uvute kamba mara sita au saba ili petroli itoke. Ngoja dakika chache ile petroli iliyoruka ikauke. Rudisha plagi, washa swichi, choki ikiwa imefunguliwa kabisa, shika kishikio cha mwendo mpaka mwisho, uvute.

Siku nyingine usivute choki kwa mashine yenye moto. Katika misumeno mingi, mtu huivuta choki kisha huirudisha mara moja, ili mwendo ukae juu kidogo bila choki kufanya kazi. Soma kitabu cha mashine yako.

PLAGI IKIWA KAVU

Hapo petroli haifiki. Sababu ni mbili zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni joto. Injini inapokimbia, feni huipuliza na kuipoza. Ukiizima ghafula baada ya kazi ngumu, feni husimama, lakini silinda bado inachoma. Joto hilo huingia katika kabureta, na petroli iliyo ndani huchemka na kuwa mvuke. Kabureta haiwezi kupitisha mvuke kama inavyopitisha petroli. Jambo hili ni baya zaidi kwa wakulima wa nchi za juu. Huko Kinangop, au Molo, kwenye mita 2,400 na zaidi, uzito wa hewa ni karibu robo tatu tu ya ule wa pwani, na petroli huchemka upesi zaidi.

Dawa yake ni hii: kabla ya kuzima, acha msumeno ungurume polepole kwa dakika moja, feni iupoze. Uweke kivulini, si juani wala juu ya kisiki chenye joto. Ukikataa kuwaka, uache dakika 15. Safisha mapezi ya silinda na mahali feni inapovutia hewa, maana yakijaa vumbi la mbao na utomvu wa saipresi, injini haipoi kamwe.

Sababu ya pili ni tangi kukosa hewa. Petroli inapotoka, lazima hewa iingie mahali pake. Kijitundu cha hewa kikiziba, petroli hukataa kutoka. Dalili yake ni kwamba msumeno hufanya kazi vizuri kwa muda, kisha hufifia na kuzimika. Ukipoa, fungua kifuniko cha tangi polepole. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, na baadaye msumeno ukawaka, umepata ugonjwa. Safisha kijitundu hicho, na tazama pia chujio la petroli lililo ndani ya tangi.

Usifungue kifuniko cha tangi wakati mashine ina moto mkali. Petroli yaweza kuruka na kukuunguza.

PETROLI IPO, LAKINI HAIWAKI

Sasa tazama cheche. Lazima upime mara ile msumeno unapokataa, si baada ya kupoa. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika. Ingiza plagi katika kofia ya waya wake, shika mpira wa kofia, na gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu. Washa swichi, mwenzako avute kamba. Cheche nzuri ni ya buluu na yenye nguvu.

Kama hakuna cheche, jaribu kwanza plagi mpya, maana bei yake ni ndogo. Kama bado hakuna, lakini cheche hurudi mashine inapopoa, koili ndiyo mbovu. Waya mwembamba ulio ndani yake hutanuka kwa joto na kuachana, kisha hushikana tena ukipoa. Koili haitengenezwi. Hununuliwa nyingine.

KAMBA IKIWA LAINI

Ikiwa petroli ipo na cheche ipo, vuta kamba polepole ukiisikiliza kwa mkono. Mashine nzima hukupinga. Ikiwa hukupinga asubuhi lakini huwa laini ikipata moto, ringi za pistoni zimekwisha au silinda imekwaruzwa. Oili ya baridi huziba nafasi kidogo, lakini ikipata moto huwa nyepesi na mgandamizo hupotea. Hapo mpelekee fundi.

Ugonjwa huu ndio wenye gharama kubwa, na mara nyingi huanzia kwenye dumu la petroli. Usikisie oili kwa macho. Kitabu kikisema 50 kwa 1, tia mililita 20 za oili katika kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kikisema 25 kwa 1, tia mililita 40 kwa lita. Tumia oili ya injini za namna hiyo, si oili ya trekta. Tikisa dumu kabla ya kumimina. Petroli iliyochanganywa na kukaa zaidi ya mwezi isitiwe katika msumeno.

Jambo jingine kwa watu wa nchi za juu: hewa ikiwa nyepesi, kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutoa petroli nyingi mno Kinangop, na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Mwambie fundi arekebishe kabureta papo hapo unapofanyia kazi, isipokuwa kama mashine yako ni ya namna inayojirekebisha yenyewe. Chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi, maana likiziba huleta ugonjwa huo huo.

KABLA YA KUANGUSHA MTI

Unapojaza petroli, ngoja mashine ipoe, usivute sigara, na usogee hatua kadhaa kutoka mahali ulipojazia kabla ya kuwasha. Washa msumeno ukiwa chini, breki imefungwa, mguu wako umekanyaga ndani ya mpini wa nyuma. Usiuwashe ukiwa unaning'inia mkononi.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote. Msumeno ambao hauwaki ukiwa na moto haufai kuanza kuangusha mti. Ujaribu kwanza kwa kukata magogo yaliyolala: upate moto, uuzime, uuwashe tena. Ukiwaka mara tatu mfululizo, nenda kwenye mti, tangi likiwa limejaa. Ukikataa, kaa chini na plagi yako mkononi. Mti utangoja mpaka kesho. Lakini ule uliokatwa nusu hautangoja. Ukikupata, usikae chini yake. Waondoe watu wote na wanyama, weka mlinzi mbali, kwa umbali unaozidi urefu wa mti mara mbili, ukatafute msumeno mwingine siku ile ile.